Kisahani cha Mkononi

Tangu tulipofungua shule muhula huu, sidhani kama yuko mwanafunzi ambaye hakupata kuniuliza habari za kile kisahani cheupe kilichokuwa kimebandikwa nyuma ya mkono wangu wa kushoto, juu ya kiwiko. Wa Kidato cha Kwanza walisema ni hirizi. Wa Kidato cha Pili, ambao siku zote wanajua mambo zaidi, walisema ni simu ndogo, na ya kuwa usiku naongea nayo chini ya blanketi. Nimechoka kumjibu kila mtu peke yake, na mwalimu mlezi wa gazeti letu ameniambia kuwa ni heri nijibu mara moja kwa wote. Basi, ndugu wasomaji, na nyinyi wazee wetu mtakaolisoma gazeti hili nyumbani, habari zenyewe ndizo hizi.

Mimi ni mgonjwa wa kisukari tangu nilipokuwa darasa la sita. Kisukari changu ni kile cha aina ya kwanza, ambacho hakiletwi na kula sukari nyingi kama watu wengi wanavyodhani. Hutokea pale askari wa mwili, ambao kazi yao ni kupigana na vijidudu, wanapozigeukia seli za kongosho zinazotengeneza insulini na kuziua. Bila insulini sukari hubaki katika damu na haiingii mahali inapohitajiwa. Mtu hukonda, huona kiu, huenda haja ndogo usiku kucha, na mwisho hufa. Ndivyo ilivyokuwa hata mwezi wa Januari mwaka 1922, huko Toronto katika nchi ya Kanada, alipodungwa sindano ya insulini mvulana wa miaka 14 jina lake Leonard Thompson, mgonjwa wa kwanza kutibiwa kwa dawa hiyo. Mimi najihesabu kuwa mjukuu wa sindano ile. Najidunga mara nne kwa siku, na chupa zangu hukaa katika friji ya zahanati ya shule chini ya ulinzi wa Mama Matroni, ambaye huzihesabu kuliko anavyohesabu fedha zake.

Walakini insulini ni kisu chenye makali pande mbili. Ikizidi chakula ulichokula, au ukikimbia sana, sukari hushuka kupita kiasi. Twatakiwa tuwe kati ya 3.9 na 10.0, kwa kipimo cha milimoli kwa lita moja ya damu. Chini ya 3.9 mtu huanza kutetemeka na kutoka jasho. Ikishuka zaidi huongea kama mlevi. Ikizidi hapo huzimia. Na njia ya kujua uko wapi, kwa miaka yote tangu nipate ugonjwa huu, ilikuwa moja tu: kujichoma kidole, kutoa tone la damu, na kuligusisha kwenye stripu iliyochomekwa katika mashine ndogo. Nalifanya hivyo mara nne kwa siku, kwa sababu stripu hazinunuliwi kwa maji ya bahari.

Sasa hebu fikirini. Mwalimu wa zamu akipita bwenini alfajiri, na mchana, na jioni, na saa nne usiku, na mara zote nne akatukuta tumetulia, ana haki ya kuandika katika daftari lake kwamba bweni ni tulivu. Sisi tunaolala humo twajua zaidi. Ndivyo kilivyo kidole. Chaeleza ukweli mtupu juu ya dakika ile uliyokichoma, na juu ya saa tano au sita zinazofuata hakisemi neno.

Muhula uliopita jambo hilo lilikaribia kunitoa katika shule hii. Mara mbili kengele ya mchakamchaka ililia nami sikuinuka. Wenzangu walinikuta nimelowa jasho, nasema maneno yasiyo na kichwa wala miguu, na mara ya pili sikuweza hata kumeza maji ya sukari, ikabidi nibebwe kupelekwa hospitali. Daftari langu lilipofunguliwa, vipimo vyote vinne vya siku zile mbili vilikuwa vizuri. Mama yangu akaja. Aliketi mbele ya Mwalimu Mkuu na mkoba wake magotini, akasema, "Mwalimu, nakushukuru kwa malezi, lakini mimi nataka mtoto, sitaki cheti. Nipe ruhusa nimhamishie shule ya kutwa, alale nyumbani nimsikie anavyopumua." Mwalimu Mkuu hakumbishia. Alimwomba tu angoje mpaka katikati ya muhula wa pili, kwa kuwa ni mwaka wa mtihani, na mama akakubali kwa shingo upande.

Hapo ndipo mjomba wangu aliyeko Maskati aliposikia habari. Yeye alikuwa amewaona watu huko wakitembea na visahani hivi mikononi kama mtu aliyevaa saa. Likizo ilipofika alimpa msafiri mmoja maboksi mawili na chombo chake cha kusomea. Ni vile viitwavyo FreeStyle Libre 2, kazi ya kampuni ya Abbott ya Marekani. Kila boksi lilikuwa na kihisi kimoja, na kila kihisi huishi siku 14. Kwa hiyo mjomba alinipa siku 28, na ni hizo nataka kuzieleza.

Kisahani chenyewe kina upana wa milimita 35 na unene wa milimita 5. Unachokiona juu ya ngozi ni nyumba ya betri na redio tu. Kazi yote hufanywa na uzi mmoja mwembamba, usiofika hata nusu milimita kwa upana, ulioingia ndani ya ngozi kiasi cha milimita 5. Hukifikisha mahali pake kwa kifaa chenye springi: wakisukuma mkononi, chatoa sauti "ta!", sindano huingia na kutoka kufumba na kufumbua, na uzi hubaki. Wengi wameniuliza kama huuma. Siafu huuma zaidi. Baada ya dakika 60 huwa tayari, na ukisogeza kile chombo cha kusomea karibu na mkono, namba hutokea, pamoja na mshale unaoonyesha kama sukari yapanda, yashuka, au imetulia. Mshale huo mimi naupenda kuliko namba, kwani 5.0 inayopanda ni amani, na 5.0 inayoshuka kwa kasi ni jambo la kuamka na kutafuta kitu cha kula.

Uzi wajuaje? Wenzangu wa somo la kemia watapenda sehemu hii. Ncha ya uzi imepakwa kimeng'enya kiitwacho glukosi oksidesi, ambacho hupatikana katika ukungu wa jamii moja na ule unaoota juu ya mkate uliosahauliwa kabatini. Kimeng'enya hiki hakipendi kitu ila glukosi. Kila kinapoikuta huinyang'anya elektroni, na elektroni hizo zikikusanywa huwa mkondo wa umeme. Sukari ikiwa nyingi, mkondo ni mkubwa. Mkubwa ni neno la kusema tu, maana wapimwa kwa nanoampea, na nanoampea moja ni sehemu moja katika sehemu bilioni moja za ampea. Aliyefikiri kwanza kuweka kimeng'enya juu ya elektrodi ni Mmarekani Leland Clark. Yeye na mwenziwe Champ Lyons walitangaza shauri hilo mwaka 1962. Katika mpango wao elektrodi ilipima oksijeni iliyotumika. Baadaye Adam Heller wa Chuo Kikuu cha Texas na wenzake wakavumbua namna ya kukifunga kimeng'enya kwenye elektrodi kwa nyuzi za kemikali zenye madini ya osmiamu, hata elektroni zikapita moja kwa moja bila kuhitaji oksijeni. Kihisi changu ni cha ukoo huo.

Toka shauri la 1962 hadi mkono wangu ilikuwa safari ndefu. Chombo cha kwanza cha kupima mfululizo kilichoidhinishwa Marekani, cha kampuni ya MiniMed, kilipata ruhusa mwaka 1999, nacho kilikaa mwilini siku tatu tu, na mgonjwa mwenyewe hakuziona namba zake. Alikirudisha kwa daktari, naye ndiye aliyezisoma. Mwaka 2001 ikaja saa ya mkononi iliyovuta sukari kupitia ngozi bila sindano yo yote. Ilisifiwa mno, lakini iliwasha ngozi za watu, haikudumu. Libre ya kwanza ilitoka Ulaya mwaka 2014. Siku hizi kiko hata kihisi kiitwacho Eversense, kisichofika sentimita mbili kwa urefu, ambacho daktari hupasua ngozi kidogo na kukizika ndani; mwaka 2018 kiliidhinishwa Marekani kwa siku 90, na mwaka 2024 kimoja cha namna hiyo kikaidhinishwa kwa siku 365. Mimi binafsi sina haja ya kuzikwa kitu mkononi. Uzi wa milimita 5 wanitosha.

Jambo moja halina budi kufahamika, maana hata baadhi ya walimu walinibishia. Kihisi hiki hakipimi damu. Chapima maji yaliyo kati ya seli, chini ya ngozi, na sukari hufika katika damu kwanza, kisha ndiyo hupenya kwenye maji hayo. Mnalijua tangi letu la maji lililoko mlimani. Pampu ikizimwa, bomba la bwenini laendelea kutoa maji kwa muda, na mtu anayeoga hajui kwamba kule juu mambo yamekwisha haribika. Ndivyo damu na kihisi. Kuna kuchelewa kwa dakika tano, kumi, pengine zaidi kidogo. Sukari ikitulia, namba zote mbili hukubaliana. Ikikimbia, kihisi hufuata nyuma. Kwa hiyo ukijisikia unatetemeka na chombo kinakuambia u salama, usikiamini, choma kidole. Tena ukilalia mkono wenye kisahani, maji hukamuliwa mahali pale na chombo hupiga kelele ya uwongo. Hata vidonge vya vitamini C vikimezwa kwa wingi vyaweza kuongeza namba isivyo kweli.

Kelele yenyewe ilileta shauri kubwa. Kihisi hiki huonya sukari inaposhuka, ila chombo cha kusomea lazima kiwe karibu, si zaidi ya mita sita. Na sheria ya shule inajulikana: hakuna simu. Chombo hicho ukikitazama kwa mbali ni simu tupu. Mama Matroni alitaka kikae zahanati, lakini zahanati iko ng'ambo ya uwanja wa gwaride. Mwisho Mwalimu Mkuu alikichukua, akakibonyeza huku na huku, akaona ya kuwa hakiwezi kumpigia mtu wala kuonyesha picha, akaandika barua ya ruhusa ambayo ninayo mpaka leo. Kikalala chini ya mto wangu.

Usiku wa kwanza na wa pili hakikusema kitu. Usiku wa tatu ulikuwa wa Jumatano, nasi tulikuwa tumecheza mpira jioni. Saa nne nililala na 7.2. Saa sita, kama nilivyoona asubuhi katika mchoro wake, ilikuwa 6.0, saa nane, 4.6. Kabla ya saa tisa chombo kikalia, na bweni zima likaamka kabla yangu. Mwenzangu wa kitanda cha juu ndiye aliyenitikisa. Chombo kilisema 3.8 na mshale wa kushuka. Kidole kilisema 3.4. Nikanywa vijiko vitatu vya sukari katika kikombe cha maji, tukakaa kimya robo saa huku wengine wakinung'unika, nikapima tena, ikapanda. Nilikuwa na akili zangu timamu muda wote. Laiti pasingekuwa na kile kisahani, ningekutwa saa kumi na moja kama nilivyokutwa mara mbili.

Chombo huhifadhi kipimo kimoja kila robo saa. Ni vipimo 96 kwa siku, na kwa siku zangu 28 ni 2,688. Kwa kidole ningepata 112. Kila asubuhi nilinakili mchoro wa usiku kwenye karatasi za grafu za fizikia, nikazibandika ndani ya mlango wa kabati langu, na baada ya wiki mbili hapakuhitajika profesa kuusoma. Usiku wa Jumatatu, Jumanne na Alhamisi mstari ulikuwa kama barabara ya lami. Usiku wa Jumatano na Ijumaa, ambazo ni siku za michezo, mstari uliteremka bonde lile lile, kati ya saa nane na saa kumi. Watu walikuwa wamedhani ya kuwa mtu akicheza mpira hatari yake iko uwanjani. Kumbe misuli iliyochoka huendelea kuivuta sukari kutoka katika damu kwa saa nyingi ili ijaze ghala zake, na deni la saa kumi na moja jioni hulipwa usiku wa manane. Tena niligundua jambo dogo juu ya uji wetu wa saa nne: ule wa sukari nyingi ulinipandisha hadi 14 kabla ya kipindi cha hesabu kwisha, na ugali wa maharage, ambao wengi wetu twaunung'unikia, ulinipandisha polepole kama mzee apandaye ngazi. Sitaunung'unikia tena.

Daktari wa kliniki alizitazama karatasi zangu moja baada ya moja. Alipunguza kidogo sindano ya jioni kwa siku za michezo peke yake, akaniagiza nile mkate na karanga kabla ya kulala siku hizo. (Mgonjwa mwingine asome hapa kwa macho tu, dawa yangu ni ya mwili wangu.) Kihisi cha pili kilipobandikwa, bonde la Jumatano likawa mteremko mdogo. Likakoma kwenye 4.9.

Mama alikuja katikati ya muhula kama ilivyopatanwa. Mama yangu huchokoa pweza, na hakusoma grafu shuleni, lakini ameyasoma maji maisha yake yote. Nilipomfungulia mlango wa kabati alitazama kitambo, akafuata mstari kwa kidole.

"Hapa maji yamejaa," akasema.

"Ndiyo, mama. Baada ya kula."

"Na hapa yamekupwa. Saa ngapi hapa?"

"Saa tisa usiku."

Akahesabu karatasi. "Kumbe Jumatano na Ijumaa zako ni bamvua. Maji yanatoka mbali." Kisha akauliza swali ambalo mimi, pamoja na vipimo vyangu vyote 2,688, sikuwa nimelifikiri. "Kisahani hiki kikiisha, saa tisa atakuwa macho nani?"

Swali lilikuwa la haki, kwa sababu kisahani huisha. Siku ya kumi na nne hujizima chenyewe, mkono ukiwa bado unakihitaji, na hakiwashwi tena. Kwa mwaka mzima mtu ahitaji 26. Mjomba ana watoto wake, na pweza hawatoshi. Mwaka 1923 wavumbuzi wa insulini waliiuzia hataza yao Chuo Kikuu cha Toronto kwa dola moja kwa kila mmoja wao, ili dawa isiwe mali ya mtu. Visahani hivi havikuzaliwa hivyo. Vina hataza nyingi na makampuni makubwa, na twaweza kuvistaajabia na kuvilalamikia kwa pumzi moja.

Jibu nililompa mama ni hili. Stripu zangu bado ni nne kwa siku, hazikuongezeka hata moja, ila sasa najua pa kuziweka. Siku za kawaida hazina haja ya kusumbuliwa usiku. Siku za michezo naiacha ile ya mchana, nampa mwenzangu wa kitanda cha juu saa yake ya kengele iite saa nane na nusu, naye huniamsha kwa kunivuta mguu, nachoma kidole gizani kwa kurunzi, naona namba, nalala. Amefanya hivyo mara kumi na moja mpaka naandika haya. Mara mbili ilikuwa chini ya 4, nikanywa maji ya sukari, na asubuhi tukaenda mchakamchaka wote wawili. Mama alimwita mwenzangu huyo, akamtazama juu hadi chini kama anayemchumbia, akamuuliza usingizi wake ni mzito au mwepesi. Akajibu ni mwepesi, shikamoo mama. Mama akaondoka na basi la saa nane, na mkoba wangu wa nguo, ambao alikuwa amekuja tayari kuubeba, akauacha chini ya kitanda.

Mjomba ameandika kuwa atajaribu kuleta kimoja kila muhula. Kikija, sitakivaa siku ya kufungua shule. Nitakingoja mpaka ratiba ya michezo itakapobadilika, au majira ya mitihani tutakapokuwa hatulali vizuri, kwa kuwa hapo ndipo ramani yangu ya zamani itakapokuwa imechakaa.

Visahani vyote viwili vilivyokwisha kazi nimempa mwalimu wa baiolojia. Kimoja kimepasuliwa na mtu aweza kuona betri na vile vinyaya; uzi wa cha pili umo katika kichupa chenye spiriti, karibu na mjusi. Anayetaka kuutazama kwa darubini na aombe ruhusa kwake siku ya Alhamisi baada ya vipindi.